Mmiliki, Mamluki na Mamlaka: Vita, Uchumi na Maadili katika Riwaya ya The Dogs of War

0. Utangulizi

Riwaya ya The Dogs of War, yaani Mbwa wa Vita, iliandikwa na Mwingereza Frederick Forsyth (1938–2025) na kuchapishwa mwaka 1974. Jina lake limetokana na tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Kabla ya kuwa mtunzi wa riwaya, Forsyth alikuwa mwanahabari aliyeshuhudia vita vya Biafra (1967–1970), na huko alikutana na askari wa kukodiwa. Kwa msomaji wa Kongo kazi hii si ngeni, kwani mhusika wake mkuu, Shannon, anaelezwa kuwa alipigana Kongo kabla ya kufika Biafra.

Wengi huisoma kama hadithi ya mapinduzi ya kijeshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vita katika riwaya hii ni matawi tu, na kwamba shina lake ni umiliki wa mali. Msamiati wa Kiswahili wenyewe unatusaidia kulifikia shina hilo.

1. Mzizi mmoja, maneno matatu

Katika Kiswahili, askari apiganaye kwa ujira katika vita visivyo vya taifa lake huitwa mamluki. Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ya asili ni «aliyemilikiwa», na lilitumiwa kwa watumwa waliofunzwa uaskari. Askari wa namna hiyo walitwaa utawala wa Misri mwaka 1250, wakaushika hadi mwaka 1517: aliyemilikiwa akawa mtawala.

Mzizi huohuo, wenye konsonanti m-l-k, ndio uliotupatia pia maneno miliki, mmiliki, milki, malkia na mamlaka. Hivyo mwenye mali, askari wa kununuliwa na mwenye kutawala ni ndugu wa ukoo mmoja wa maneno. Riwaya ya Forsyth yaweza kusomwa kama ugomvi wa ndugu hao watatu: Sir James Manson, mkuu wa kampuni ya madini mjini London, Shannon, mamluki, na Rais Kimba, mtawala wa Zangaro.

2. Uchumi hutangulia risasi

Zangaro ni nchi ya kubuni katika pwani ya Afrika ya Magharibi, lakini inafanana sana na Ginekweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968 chini ya Francisco Macías Nguema. Katika utawala wake wasomi wengi waliuawa au walikimbia, na kilimo cha kakao, kilichotegemea vibarua kutoka Nigeria, kiliporomoka. Mwaka 1976 Nigeria iliwarudisha raia wake nyumbani. Macías alipinduliwa na mpwa wake tarehe 3 Agosti 1979.

Forsyth anaonyesha vema jinsi anguko la uchumi linavyoifungulia vita mlango. Kimba, kwa kutomwamini mtu yeyote, ameikusanya hazina, ghala la silaha na redio ya taifa ndani ya ikulu yake. Nje ya ukuta ule hakuna tena jeshi la kweli, wala biashara, wala utumishi wa serikali. Dhuluma yake inageuka kuwa udhaifu wake, maana atakayeliteka jengo moja ameiteka nchi nzima.

Katika nchi hiyo iliyokauka hugunduliwa mlima wenye platini ya thamani ya dola bilioni 10. Manson anaificha habari hiyo. Anamshawishi kwa fedha mtaalamu aliyeyapima mawe, ambaye ana binti mgonjwa, aandike ripoti ya uongo. Kisha, kwa majina ya watu wengine, ananunua hisa nyingi za kampuni iliyolala, ili mtawala mpya aipe haki ya kuchimba. Bei ya kumweka mtawala huyo ni pauni 100,000. Sehemu kubwa ya riwaya haina hata risasi moja: imejaa mabenki, hati za kununulia silaha, nauli za meli na stakabadhi. Msomaji anaona kwamba mauaji yalianza mezani, kwa kalamu, miezi kadhaa kabla ya mzinga wa kwanza.

3. Maadili na mipaka yake

Ikulu inapotekwa, Shannon anakataa kumweka Kanali Bobi, kibaraka wa Manson. Anamwua, na nchi anawakabidhi watu wa Jenerali aliyeshindwa Biafra, ambao ndugu zao ni vibarua wahamiaji wa Zangaro. Sababu yake ni kumbukumbu ya watoto aliowaona wakifa kwa njaa katika vita ambavyo wengine walichuma faida. Naye, akijua kwamba ugonjwa hautampa muda mrefu, anajiua.

Hapa Forsyth anapindua hukumu ya kawaida: aliyenunuliwa anaonyesha dhamiri, na muungwana wa London hana. Hata hivyo hukumu hiyo ina kasoro. Wenyeji wa Zangaro hawaulizwi lolote. Mtunzi anawachora kwa dharau, bila sauti na karibu bila majina, na hatima yao inaamuliwa na mgeni mwenye bunduki, hata kama ni mgeni mwema. Mamlaka yanahama mkono, lakini hayafiki kwa wananchi. Riwaya ya Kikosi cha Kisasi (1979) ya Elvis Musiba, ambayo inampeleka mpelelezi Mtanzania Willy Gamba hadi Kinshasa, inamwekea msomaji kipimo kingine: humo Mwafrika ndiye mtendaji.

4. Hitimisho

Katanga ilijitenga mwaka 1960 ikitegemezwa na kampuni ya Union Minière, na mamluki wakaletwa kuilinda hadi mwaka 1963. Mwaka 1967 Jean Schramme aliishika Bukavu tangu Agosti hadi Novemba, kisha akavukia Rwanda. Mwezi Machi 2004 ndege ya mamluki ilizuiwa Harare. Safari yao ilikuwa ya kwenda Ginekweta, ambayo wakati huo ilikuwa nchi ya mafuta. Januari 2025 Goma ilipotekwa, mamia ya askari wa kukodiwa kutoka Romania nao walivukia Rwanda.

Katika kila tukio magazeti hupiga picha za mamluki. Mzizi wa neno unatukumbusha kwamba aliyemilikiwa ana mmiliki. Usomaji wa maadili unaoishia kwa mwenye bunduki haujafika nusu ya kitabu. Swali linalobaki, katika riwaya na nje yake, ni nani aliyelipa, na alitaka kuchimba nini.