Jasho la mtoto halipotei



Mwezi huu tuongee juu ya swali ambalo watoto wakubwa wanatuuliza sana: "Mwalimu, nikijitahidi nitapata nini?" Tusiwajibu haraka haraka. Kambi ya Gasorwe, hapa Muyinga, ilifunguliwa mwaka 2002. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mtu mzima. Wadogo zetu wanaona kaka aliyemaliza shule na bado anakaa nyumbani. Ukimwambia mtoto kwamba kila anayejitahidi anafaulu, atajua unamdanganya, na siku nyingine hatakusikiliza.

Dini yetu ina jibu bora. Hadithi ya kwanza katika kitabu cha Imam Bukhari, iliyopokewa na Sayyidna Umar, inafundisha kwamba matendo yanapimwa kwa nia. Na mfano alioutoa Mtume (s.a.w.) hapo ni wa watu waliohama kwao! Wawili wanafuata njia moja, jua moja, vumbi moja. Mmoja amehama kwa ajili ya Mungu, mwingine kwa ajili ya mali au mke. Sisi kwa macho hatuwezi kuwatofautisha. Mungu anawajua. Nani ataelewa mfano huu kuliko sisi tuliotembea na mizigo kichwani?

Basi bidii yenye ikhlasi ni ile mtoto anayoifanya hata kama hakuna anayemtazama. Matokeo ni ya Mungu, lakini jasho ni la mtoto, na limeandikwa. Tumfundishe vipi?

Kwanza, tusifu kazi yake, si namba yake tu. Chuoni kuna mtoto anasoma Alhamdu kama maji, na mwingine anakwama kila neno mpaka wenzake wanacheka. Bi Aisha amepokea kwa Mtume kwamba anayesoma Kurani kwa shida ana thawabu mbili. Kwa hiyo akirudi nyumbani, usiulize tu "umekuwa wa ngapi?" Uliza pia "leo umerudia mara ngapi?"

Pili, kidogo kila siku. Mtume ametufundisha kwamba Mungu anapenda zaidi amali inayodumu, hata ikiwa ndogo. Aya moja na hesabu tatu kabla giza halijaingia zinatosha, ila kesho tena, na keshokutwa tena.

Tatu, zawadi zisizidi. Mtoto akipewa pipi kila akiswali, siku pipi zikiisha na swala itaisha. Mzoeze kazi ya siri: amchotee maji bibi jirani, kisha asijisifu kwa mtu yeyote.

Tena tusisingizie uvivu ovyo. Mtoto asiyeona ubaoni hahitaji fimbo, anahitaji kupimwa macho. Mwenye njaa, vilevile, anahitaji kula kwanza.

Kama mnataka kuona kazi isiyopotea, tazameni miji ya nchi hii. Wajerumani walipoweka makao yao Gitega mwaka 1912, walifuatana na askari na wafanyabiashara wasemao Kiswahili, wengi wao Waislamu. Walikuwa wachache sana katikati ya watu wasemao Kirundi. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, Gitega na Muyinga kuna misikiti, kuna mitaa inayozungumza Kiswahili, na Idi ni sikukuu ya taifa zima. Haya hayakuja yenyewe. Kuna wazazi na walimu wa chuo waliorudia alifu na be kila siku na watoto, na wengi wao walikufa bila kuona matunda yake.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kaa na mwanao dakika tano. Mwache akuonyeshe alichohangaika nacho, hata kama hakijanyooka. Kisha mwambie: nimeona ulivyojitahidi, na hata nisingeona, Mungu ameona.