Togwa: leo tamu, kesho chachu!

Soda kila siku mpaka lini, mtoto wa mjini? Juzi niliibuka Tandika, Temeke, kuonja togwa, na sikuishia kikombe kimoja.

Togwa changa ni tamu utadhani imetiwa sukari. Kumbe ni kazi ya kimea! Unapikwa uji mwembamba wa mahindi, ukipoa unatiwa unga wa ulezi uliooteshwa, nao ndio unaogeuza wanga kuwa sukari. Iliyolala mpaka kesho yake inakwaruza ulimi kwa uchachu. Ukizidi kuiacha, inaanza kupanda kichwani.

Warusi nao wana ya kwao, kvass, ya mkate mweusi mkavu, maji, sukari na hamira. Enzi za Kisovieti iliuzwa mitaani kutoka kwenye matangi yenye magurudumu.

Usidhani uchachu ni ushamba. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto waliokunywa togwa walikutwa na vijidudu vya kuhara vichache kuliko waliopewa uji usiochachishwa. Asidi ndiyo mlinzi. Ila mlinzi huyo anazidiwa pale muuzaji anapoongezea maji mabichi au barafu isiyojulikana ilikotoka. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianzia Kinondoni, hapa hapa jijini, kwa hiyo hizi si stori za kutishana.

Basi mshikaji, kabla hujapiga funda uliza mawili: imezimuliwa kwa maji gani, na vikombe vinaoshwaje? Akinuna, chapa lapa!