Kwa Nini Waenda kwa Miguu Hugongwa Jijini Dar es Salaam

Katika majalada ya wagonjwa wa majeraha husomeka mara nyingi sentensi moja fupi: "Amegongwa na gari akivuka barabara." Sentensi hiyo inamtosha anayetaka kujua ni mfupa upi upigwe picha ya eksirei. Haimtoshi anayetaka kujua kwa nini mtu mwingine hugongwa tena mahali palepale. Mgonjwa na ndugu zake nao huikamilisha kwa maneno yao: hakuwa makini, haraka imemponza. Lawama hiyo huanzia wodini na kumfuata hadi nyumbani, ilhali mara nyingi haikuchunguzwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa mwenda kwa miguu. Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022, lina sababu zake mahususi. Kila abiria wa daladala ni mwenda kwa miguu mara mbili katika safari moja: anapokwenda kituoni na anaposhuka. Anayeshukia upande mmoja asubuhi hushukia upande wa pili jioni, hivyo lazima avuke barabara angalau mara moja kwa siku, apende asipende.

Kuvuka ni suala la hesabu. Barabara yenye njia nne ina upana wa takriban mita 14. Mtu mzima mwenye afya, anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, huhitaji sekunde 12 hivi kufika ng'ambo. Katika muda huo gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 260. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde humaliza sekunde 17 na nusu, na gari lilelile huwa limesafiri karibu mita 390. Ni nani awezaye kukadiria kwa macho, jioni, mwendo wa gari lililo umbali huo? Palipo na kisiwa cha katikati, hesabu hugawanyika mara mbili, na mvukaji hutazama upande mmoja kwa wakati mmoja.

Hatari isiyozungumzwa vya kutosha hutokea hata penye alama za pundamilia. Dereva wa daladala husimama kwa ustaarabu na kumpungia mama mwenye mtoto avuke. Mwili mkubwa wa daladala hiyo humficha mama asionekane na anayekuja katika njia ya pili. Bodaboda au gari dogo, likidhani daladala imesimama kushusha abiria, hulipita, na mama hutokeza mbele yake ghafla. Hapo wa kwanza ametii sheria, mvukaji amepita mahali panaporuhusiwa, na bado ajali imetokea. Mvukaji anayepita mbele ya gari lililosimama anapaswa kusita ukingoni mwa gari hilo na kuchungulia njia inayofuata. Hata hivyo kinga ya uhakika zaidi ni tuta linalowalazimisha wote kupunguza mwendo kabla ya kivuko.

Madaraja ya juu ya waenda kwa miguu husaidia penye magari mengi, lakini mwenye maumivu ya magoti, mjamzito au mchuuzi aliyebeba beseni kichwani huona ngazi zile kama adhabu. Kivuko kikiwekwa mbali na kituo cha daladala, watu watavuka penye kituo. Huo si ukaidi. Kando ya barabara nako, meza za biashara, pikipiki zilizoegeshwa na mitaro isiyofunikwa huwasukuma watu watembee kwenye lami.

Kasi ndiyo huamua nani atafika hospitalini akiwa hai. Mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo huongezeka kwa takriban asilimia 4. Dereva aliye katika kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha kisheria katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, huwa amesafiri mita 14 katika sekunde moja ya kushtuka, kabla breki hazijaanza kazi.

Gari dogo humpiga mtu mzima kwa bampa karibu na goti, mwili ukaangukia boneti, kichwa kikagonga kioo cha mbele, kisha mtu akatupwa chini. Basi au lori, lenye uso mrefu na bapa, hupiga kifua au nyonga na kumwangusha mbele ya magurudumu; mtoto hupata pigo la namna hiyo hata kwa gari la kawaida. Kwa sababu hiyo mguu uliovunjika, ambao kila mtu anauona, usimsahaulishe mhudumu kichwa, shingo na tumbo. Anayezungumza vizuri anaweza kuwa anavuja damu ndani kutokana na wengu au ini lililopasuka.

Giza huzidisha yote haya. Jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, wakati watu wengi wanatoka kazini. Pombe nayo ina sehemu yake, kwa dereva na kwa mvukaji pia.

Kwamba mazingira yanaweza kubadilishwa si nadharia. Taasisi ya Amend iliweka njia za miguu, matuta, alama na vivuko karibu na shule za msingi jijini, na tathmini iliyofuata ilionyesha majeraha ya wanafunzi yakipungua kwa takriban robo.

Mhudumu wa afya anaweza kuongeza mistari michache jaladani: mahali penyewe, saa, aina ya gari, kama palikuwa na taa na kivuko, na umbali wa kituo. Fomu ya PF3 ina kazi yake ya kisheria, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri.

Mgonjwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani na magongo aelezwe jambo moja zaidi. Kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, barabara ileile ya mita 14 sasa inamtaka sekunde 28. Kabla ya siku ya kliniki, yeye na ndugu zake wachague kituo ambacho hakitamlazimu kuvuka, au mahali penye kisiwa cha katikati, na msindikizaji akae upande magari yanakotokea.