Fahamu: Kwa nini kijana hufaulu kipimo cha masikio lakini haelewi maneno kwenye kelele

Shelui, wilayani Iramba, ni mji wa barabara kuu na wa dhahabu. Sekenke, jirani tu, kumechimbwa tangu enzi za Wajerumani. Kijana anayeshinda kwenye karasha la kusaga mawe akipimwa masikio katika chumba tulivu, huenda akaambiwa yako sawa. Jioni, kwenye banda la chipsi, muziki juu na malori yakipita, anasikia sauti za wenzake bila kushika maneno.

Hajifanyi. Kipimo cha kawaida hutafuta mlio mdogo kabisa anaoweza kuusikia, basi. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa panya waliowekwa kwenye kelele kali kwa saa 2 walirudiwa na usikivu wao baada ya siku kadhaa, ilhali karibu nusu ya maungio kati ya seli za kusikia na neva yalikuwa yamepotea kabisa katika sehemu iliyoathirika. Nyuzi za neva zilizobaki hutosha kunasa mlio kwenye ukimya. Kutenganisha maneno na kelele ndiko kugumu.

Kwa binadamu aliye hai maungio hayo hayahesabiki, kwa hiyo wataalamu bado wanabishana kama ndivyo inavyotokea kwa watu pia. Hata hivyo, kumrudisha kijana nyumbani kwa jibu la "huna tatizo" si haki. Aombe kipimo cha kutambua maneno katikati ya kelele. Na kazini avae vizibo vya masikio: desibeli 85 ni kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua nusu.