Isoeti, Mmea wa Maji Safi

Katika Londiani, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, maji ya vidimbwi huwa baridi. Maji ya namna hiyo huifaa isoeti, mmea mdogo usiotoa maua, ambao aina zake nyingine huota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Wengi huidhani kuwa nyasi. Lakini jani lake likikatwa, ndani huonekana njia nne za hewa. Na chini, jani linapoanzia, hukaa spora zinazozaa mimea mipya. Aina nyingi za majini huvuta hewa ya ukaa kwa mizizi kutoka katika tope.

Yafaa ipandwe katika mchanga wenye tope kidogo, penye mwanga. Samadi isitiwe, kwa maana huzidisha mwani, nao hufunika majani yakafa. Mwani uondolewe kwa mkono, taratibu, mizizi ising'oke.

Adui mkubwa ni udongo uletwao na mvua kutoka mashambani. Basi ukingo upandwe nyasi, na ng'ombe wanyweshwe kando. Kidimbwi kilichotunzwa hivyo hakijai tope upesi, na mwenye shamba hubaki na maji yake.