Fahamu: FLLoCA ni nini, na inahusu vipi moto wa misitu?

FLLoCA ni mpango wa serikali ya Kenya wa kupeleka fedha za tabianchi hadi kwenye kaunti na wadi. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 mwaka 2021, na Ujerumani pia huuchangia.

Fedha hufikaje kijijini?
Hazina ya Taifa huzituma kwa kaunti zinazotimiza masharti, ikiwemo kuwa na sheria na mfuko wa tabianchi. Kamati za wadi hukusanya wananchi, nao huchagua miradi: maji, vitalu vya miche, ulinzi wa udongo.

Moto unaingia wapi?
Wakati wa ukame nyasi hukauka, na cheche ya mkaa, ya kurina asali au ya kuchoma shamba hutosha kuteketeza kilima. Kinga ni kufyeka mikanda ya kuzuia moto, kufanya doria na kuwapa wakazi vifaa mapema. Kuzuia ni nafuu kuliko kupanda upya, hivyo wananchi wanaweza kupendekeza kinga hiyo kama mradi wa wadi.

Nani anawajibika?
Misitu ya umma iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya. Sheria ya Misitu ya 2016 huruhusu vyama vya jamii kushiriki kuitunza, na hukataza kuwasha moto humo bila idhini.

Kwa nini Katito ijali?
Katito iko Nyakach, eneo linalojua gharama ya ardhi tupu: makorongo ya Katuk Odeyo yamemeza mashamba. Kilima kikiungua, mvua hukokota udongo hadi Ziwa Victoria. Hivyo mkutano wa wadi ni wako, nenda ukaseme.