Kwa Nini Pampu ya Dawa ya Maji Huwa ya Plastiki

Mkazi anayezuru kituo cha kusafisha maji huenda akashangaa kuona pampu ya plastiki kando ya pampu kubwa za chuma. Wengine hudhani ni njia ya kubana matumizi. Sivyo.

Pampu za chuma husukuma maji. Ile ya plastiki huhamisha dawa za kuyasafisha: maji ya shabu, yanayofanya tope ligandane na kutuama chini, na klorini ya majimaji, inayoua viini vya magonjwa kama kipindupindu na homa ya matumbo. Maji ya shabu yana asidi, nayo klorini hula hata chuma cha pua na kukitoboa vishimo.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, pampu huvuja na inaweza kumuunguza mhudumu ngozi au macho. Pili, chembe za chuma, shaba au nikeli zikiingia katika klorini, huifanya ipoteze nguvu upesi. Tangi litaonekana limejaa dawa, ilhali maji yanayofika nyumbani hayana kinga ya kutosha. Shirika la Afya Duniani hupendekeza maji yabaki na angalau miligramu 0.5 za klorini kwa lita baada ya dakika 30 za kutiwa dawa.

Inavyofanya kazi

Ndani ya pampu, gurudumu lenye mapanga huzunguka kwa kasi na kurusha dawa kutoka katikati hadi pembeni, kisha dawa husukumwa bombani. Gurudumu na ganda lake ni la plastiki ngumu, kama vile polipropilini. Katika pampu nyingi za aina hii, gurudumu huzungushwa kwa nguvu ya sumaku kupitia ukuta wa plastiki. Hivyo hakuna tundu la shafti ambalo dawa ingevujia.

Wahudumu wazingatie

• Pampu isiwashwe ikiwa kavu. Dawa inayopita ndiyo huipoza.
• Polipropilini haifai kwa kimiminika chenye joto la zaidi ya takriban nyuzi 80.
• Si kila plastiki hustahimili kila kemikali. Soma maelezo ya mtengenezaji kwanza.
• Pampu ya klorini isitumiwe kuhamisha asidi wala shabu. Zikichanganyika, hutoa gesi ya sumu.

Wewe mkazi

Usinunue pampu au mtungi uliowahi kubeba kemikali ili kutekea maji ya kunywa, hata ukisafishwa vipi. Ukiishi karibu na kituo na unuse harufu kali ya klorini, ondoka upesi kuelekea upande upepo unakotoka, na upande sehemu ya juu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutanda mabondeni. Kisha toa taarifa kwa kituo au kwa ofisi ya msimamizi wa wadi.